Chuo na Geti: Kabla ya Mechi ya Jumamosi Mtwara

Malori ya korosho yamejipanga kuanzia geti la bandari hadi kwenye kona ya barabara, turubai zimekazwa kwa kamba, na madereva wamejilaza chini ya matela juu ya mikeka yao. Yametoka Tandahimba, Newala na Masasi. Wapo waliofika jana, wapo waliofika juzi, na hakuna anayeonyesha kushangaa. Novemba mjini Mtwara ni mwezi wa foleni.

Mtaa wa pili kutoka hapo, nyuma ya mama anayeuza ming'oko ya kuchemsha kwa mafungu, kuna banda la mabati lililopakwa rangi ya bluu hadi nusu, pengine hadi rangi ilipoisha. Humo ndimo itakamochezwa mechi iliyonileta: Barcelona na Real Madrid, Jumamosi saa mbili usiku. Si ya Hispania, ni ya kwenye PS3, gemu la PES 2013, kwenye televisheni yenye mstari wa kijani unaokata winga ya kushoto kutoka juu hadi chini. Waliozoea humu wanajua kwamba mpira ukipita kwenye mstari ule hupotea kidogo kabla ya kuonekana tena. Mgeni hufungwa bao la kwanza hapo hapo.

Na hakuna anayesema Barcelona wala Madrid. Wanasema Chuo na Geti.

Chuo ni kijana wa chuo cha ualimu, mwaka wa mwisho, mwembamba, shati limechomekewa hata akiwa kwenye gemu. Geti ni deiwaka wa bandarini, mpakiaji, mabega mapana, mwenye sauti ndogo kuliko unavyotarajia kwa umbo lake. Kila mmoja ana watu wake. Wa Chuo huja na madaftari na kukaa kwenye benchi la kushoto; wa Geti huja na viatu vya kazi, wengine bado wana vumbi la magunia kwenye nyusi, na hukaa wanapopata. Mwenye banda, mzee wa miaka hamsini na kitu ambaye vijana wote humwita Mjomba, hana upande. Ana kibao.

Kibao chenyewe ni kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene nyeusi na kutundikwa juu ya televisheni. Mechi moja jero. Umeme ukikatika kabla ya dakika ya 70, mechi inarudiwa. Ukikatika baada ya hapo, ubao unabaki unavyosoma. Kubonyeza START wakati mwenzako anashambulia ni faulo, faini jero nyingine. Kushangilia ruksa, kugusa pedi ya mtu marufuku. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwingine, pameongezwa: Hatukopeshi hadi korosho zilipwe. Nilimuuliza Mjomba mstari huo wa mwisho ulianza lini. Akaniambia ni wa msimu wa 2018, wanunuzi walipoleta bei ndogo minadani, serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kuzisomba. Wakati watu wanasubiri kuhakikiwa na kulipwa, banda lilijaa kila jioni na sanduku la hela likabaki tupu. Alikopesha mpaka akakopa.

Kipengele cha umeme kinanichekesha kila nikikisoma. Gesi inayoendesha mitambo ya mji huu inatoka Mnazi Bay, kule Msimbati, ambako iligunduliwa mwaka 1982. Tangu 2015 bomba linapeleka nyingine mpaka Dar es Salaam. Mwaka 2013 watu wa hapa waliingia barabarani kulipinga bomba hilo, na Mtwara ikawaka moto, kwa maana zote mbili. Leo mtoto wa Mtwara anacheza gemu kwa umeme wa gesi ya kwao, na bado sheria ya kwanza ya maana kibaoni ni ya umeme kukatika. Mjomba hukagua LUKU yake kila mechi kubwa, anasema uniti zikiisha katikati ya penati wataamini amehongwa.

Kwa nini PES 2013, gemu lililotoka Septemba 2012? Kwingineko duniani mambo yamekwenda mbali. Kampuni ya EA iliachana na FIFA, FIFA 23 ikawa ya mwisho kubeba jina hilo. Konami nao walilizika jina la PES mwaka 2021 na kuja na eFootball, na Desemba 2024 mataifa yalikutana Riyadh kucheza kombe la dunia la gemu hilo, Indonesia wakalibeba upande wa konsoli. Habari hizo vijana wa banda wanazo zote. Wanazisoma kwenye simu. Lakini gemu mpya zinataka bando kila wiki, mara sasisho la gigabaiti kadhaa, mara kadi za wachezaji za kununua. Diski ya Mjomba haitaki chochote. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikayumba Tanzania nzima, wale waliokuwa wamehamia kwenye gemu za simu walirudi benchini wote, wakimsalimia Mjomba kwa heshima ambayo hawakuwa nayo wiki iliyotangulia.

Kwa hiyo humu ndani mwaka haujasogea. Messi ni yule aliyefunga mabao 91 ndani ya 2012. Madrid ni ile ya Mourinho, iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa kwa pointi 100 na mabao 121. Puyol bado anapiga vichwa, Casillas bado yuko langoni, na Xabi Alonso, ambaye dunia ya leo inamjua kama kocha aliyeipa Leverkusen ubingwa wa Ujerumani bila kufungwa, hapa bado anakata mipira katikati na kuonyeshwa kadi za njano. Mtoto mmoja wa darasa la tano, ambaye jero yake ilikuwa imeisha na hakuwa na haraka ya kwenda nyumbani, aliniuliza kama huyu Xavi wa kwenye gemu ni mtoto wa yule Xavi kocha.

Sasa nieleze timu zenyewe, maana tofauti yake ndiyo mechi.

Chuo anacheza mpira wa kumiliki. Nilimtazama akijifua dhidi ya kompyuta jioni ya Alhamisi. Busquets kwa Xavi, Xavi kwa Alves, Alves anarudisha kwa Xavi, Iniesta anashuka, mpira unakwenda kwa Piqué, unaanza upya. Watu wa benchi la kushoto walikuwa wanahesabu pasi kwa sauti, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, na mmoja wa upande wa pili akapiga mwayo wa makusudi. Kwenye pasi ya ishirini na kitu beki wa kompyuta alitoka nje ya mstari kwa hatua moja tu. Hapo ndipo Messi aliingia. Chuo hakushangilia. Aliandika kitu kwenye kauntabuku yake. Nilichungulia: alikuwa amechora uwanja kwa rula, na mishale, na upande wa pembeni ameandika beki yupi wa Madrid hutoka mapema. Jibu lilikuwa Pepe, kwa wino mwekundu, limepigiwa mstari mara mbili. Nadhani mtu huyu atakuwa mwalimu mzuri wa hisabati na mchoshi kidogo.

Geti anacheza kinyume cha hayo yote. Anarudi nyuma, anaacha mwenzake apige pasi anazotaka, watu kumi wako ndani ya eneo lao. Wapinzani wanaita kupaki basi. Yeye hajali. Anakaa hivyo dakika hamsini, sitini, na uso wake haubadiliki. Kisha Ramos anauiba mpira, unakwenda kwa Özil, kidole cha Geti kinabonyeza pembetatu mara moja, na Ronaldo yuko peke yake na kipa. Yote hayo hayafiki sekunde saba. Nilimuuliza amejifunzia wapi uvumilivu ule. Akanijibu bila kuondoa macho kwenye kioo: "Kaka, mimi kazi yangu ni kusubiri meli."

Angalia pedi zao. Kila mmoja anakuja na ya kwake, amefungia kwenye mfuko wa plastiki. Kwenye ya Chuo, alama ya X imefutika kabisa, kitufe kimebaki cheusi na kung'aa, kwa sababu X ndiyo pasi fupi. Vitufe vingine ni kama vipya. Kwenye ya Geti, X iko salama, mraba uko salama. Kilicholika ni pembetatu, ile ya pasi ya kupenyeza, na R1 ya kukimbilia, ambayo imelegea na kuwekewa kipande cha mpira wa ndala chini yake ili irudi juu. Ungeletewa pedi hizo mbili bila majina, ungeweza kuandika uchambuzi wa mechi nzima.

Mtu wa nje anaweza kudhani haya ni mambo madogo ya vijana wasio na kazi. Lakini wenyeji wana sababu ya kuyapa uzito. Bandari hii iliwahi kuwa na timu yake ya miguu, Bandari Mtwara, iliyocheza Ligi Kuu, na wazee wa mtaa huu bado wanabishana nani alikuwa beki bora. Baadaye ikaja Ndanda. Ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, Uwanja wa Nangwanda Sijaona, unaobeba jina la waziri wa serikali za mwanzo baada ya uhuru, ulikuwa unapokea Simba na Yanga, na siku hizo mji ulikuwa unafunga maduka mapema. Mwaka 2020 Ndanda ikashuka. Mwaka huohuo Namungo ya Ruangwa, jirani zetu wa mkoa wa Lindi, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa 2-1 na Simba kule Sumbawanga. Mtu wa Mtwara akitaka kuona Ligi Kuu karibu na kwao sasa anapanda gari kwenda Ruangwa kushangilia timu ya mkoa mwingine. Wengi hawapandi. Wanakuja hapa kwa Mjomba, ambako angalau wanaopigana ni Mtwara kwa Mtwara.

Ijumaa asubuhi nilishuka hadi ufukweni Shangani kuitazama bandari kwa mbele. Ukiwa pale unaelewa kwa nini Waingereza waliichagua: mdomo wa ghuba ni mwembamba, ndani maji yametulia na kina kinafika karibu kabisa na nchi kavu. Ng'ambo ni Msangamkuu, na kivuko kinakwenda na kurudi kikiwa na pikipiki, mbuzi na wanafunzi. Bandari ilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga, na reli ikavutwa kuelekea Nachingwea. Karanga zikagoma. Mpango ukavunjwa 1951, gati likakamilika 1954, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ikabaki bandari nzuri isiyo na mzigo wake, ikaja kuokolewa na korosho, zao ambalo halikuwemo kwenye ramani za wale mabwana. Gati la zamani lina mita 385. Pembeni yake serikali imejenga jipya la mita 300, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 150, na siku hizi mbali na korosho kuna makaa ya mawe ya Ruvuma na saruji ya Dangote. Makaa yana vumbi, ndiyo maana kuna mpango wa bandari nyingine, Kisiwa Mgao, kwa mizigo ya namna hiyo.

Nje ya mdomo wa ghuba ilikuwepo meli moja, imetia nanga, tumbo liko juu ya maji kwa kuwa haina kitu ndani. Wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu hawakuiangalia. Mimi niliiangalia sana, kwa kuwa usiku uliopita nilikuwa nimegundua kwamba meli ile ndiyo mchezaji wa tatu wa mechi hii.

Iko hivi. Rubani akiiingiza Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi, upakiaji unaanza hapohapo, maana meli iliyofunga gatini inakula hela kila saa. Deiwaka wote wataitwa. Geti atapewa zamu ya usiku, na zamu ya usiku ya msimu wa korosho haikataliwi. Miezi ya mvua bandari inapopoa, wanaokumbukwa ni wale ambao hawakusema hapana. Alinieleza hesabu zake bila kuzipamba. Ana mtoto anaingia kidato cha kwanza Januari. "Pedi hailipi ada," alisema, kisha akaongeza, kana kwamba nimemshitaki, "lakini nikiwa huru, namfunga."

Sheria ya Mjomba ni kwamba asiyefika ndani ya nusu saa amepoteza. Alhamisi usiku jambo hilo lilijadiliwa kwa urefu na kwa kelele. Benchi la kushoto lilitaka sheria ifuatwe. Watu wa Geti walisema sheria hiyo imetungwa na watu ambao hawajawahi kubeba gunia. Mmoja, kijana ambaye ndugu zake wako Palma, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na ambaye kwa sababu hiyo anamhesabu Ronaldo kuwa mtu wa nyumbani kwa kupitia Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji aliyeichezea Ureno, alisimama juu ya benchi kudai mechi iahirishwe hadi msimu uishe. Walimshusha. Aliyemaliza ubishi ni Chuo mwenyewe. Alifunga kauntabuku, akasema hataki pointi za mezani, na kama meli itaingia wacheze Jumapili saa nne asubuhi, Geti akitoka kazini na kuoga. Watu wa Geti wakapiga makofi. Kisha mmoja wao akashtuka na kuuliza mikono ya mtu aliyepakia usiku kucha inabonyezaje pembetatu. Makofi yakakatika.

Nilimtazama Chuo. Alikuwa anatabasamu kidogo, na hapo nikaacha kumwona mchoshi.

Mama wa ming'oko, ambaye hajawahi kuingia ndani lakini anajua matokeo yote kwa makelele, ana uchambuzi wake. Anasema Chuo akishinda, watu hutoka wanaongea na hawanunui. Geti akishinda, hununua mafungu mawili mawili na pilipili. "Sasa wewe mwanangu," aliniuliza, "unadhani mimi naombea nani?" Hata hivyo alikiri kwamba meli ikiingia atauza zaidi kuliko mechi yoyote, hivyo dua zake zimegongana.

Haya ndiyo ninayoyaona kuhusu uwanjani. Chuo ataumiliki mpira zaidi ya nusu ya mchezo, hilo halina ubishi. Daftari la matokeo la Mjomba linaonyesha amemshinda Geti mara nyingi zaidi ya alivyoshindwa. Lakini daftari hilohilo linaonyesha kitu kingine: mabao mengi ya Geti yameingia mwishoni mwa mchezo, wakati vidole vya Chuo vimechoka kupiga pasi na mabeki wake, hasa Alves, wamepanda na hawajarudi. Ushindi wa Geti uko nyuma ya mgongo wa Alves. Chuo anajua, ukurasa mzima wa kauntabuku unahusu hilo. Dawa aliyoiandika ni kumwacha Alves nyuma kipindi cha pili na kumpandisha Alba, na hapo ndipo ninapotofautiana naye, kwa kuwa Alba yuko upande wa ule mstari wa kijani. Kwenye televisheni hii, Barcelona inayoshambulia kushoto inacheza na upofu. Mstari huo haumo kwenye kauntabuku. Geti, ambaye hana daftari, hupeleka mashambulizi yake mengine ya kipindi cha pili huko huko, ili mpira upotelee machoni pa mwenzake na si pa kwake, kwani yeye hupiga pasi ile kwa mazoea na wala haangalii.

Kuna suala la mechi tatu. Anayepata mbili ndiye bingwa na anaondoka na kreti ya soda na haki ya kuchagua kiti hadi Krismasi. Mechi ya kwanza nampa Chuo. Huwa anaanza vizuri. Ya pili nampa Geti, 1-0, bao la jioni. Ya tatu itategemea usingizi.

Kwa hiyo utabiri wangu una masharti. Ikichezwa Jumamosi usiku, Geti anashinda mbili kwa moja. Ikichezwa Jumapili asubuhi baada ya zamu, Chuo anamaliza kazi kwa mechi mbili tu na watu wanawahi chakula cha mchana. Nilimsomea Mjomba utabiri huo Ijumaa jioni alipokuwa anafungua kufuli. Alinisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akawasha feni, akakagua LUKU. Kisha akaniambia kwamba wachambuzi wote ni walewale, na kama nimekuja kukaa nilipe jero kwanza, kuna watu wanasubiri kiti.